Maganda ya Muhogo na Eda ya Shemsa

Kiponda, Mjini,
Unguja.
12 Novemba 1955

Mpendwa ndugu yangu Hamad,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Shikamoo yako niliikuta kwenye barua ya mwezi uliopita, nami nikaiitikia marahaba kwa sauti, hata jirani akachungulia kutazama nina mgeni gani. U hali gani huko Mtwara? Kile kifua kilichokusumbua wakati wa kipupwe kimepoa? Mtu anayeshinda bandarini juu ya winchi, upepo unampiga mbele na nyuma, hana budi kunywa tangawizi. Kama hakuna wa kukuchemshia, chemsha mwenyewe, mikono unayo.

Sisi huku tu wazima, alhamdulillahi. Goti langu la kushoto linanikumbusha umri kila nikipanda ngazi, lakini nishalizoea. Vuli imeanza vizuri na paa linavuja pale pale linapovuja kila mwaka. Maulidi ya mwaka huu Mnazi Mmoja yalijaa watu mpaka barabarani, ila mimi sikwenda. Sababu utaiona mbele.

Utashangaa mwandiko. Barua zangu zote huniandikia Mwalim wa chuoni, lakini hii nimeiandika mwenyewe, ndiyo maana herufi zinapigana vikumbo. Mambo yaliyomo si ya kupita kinywani mwa mtu wa tatu. Nakuomba uisome mpaka mwisho kabla hujakasirika. Hasira utapata nafasi nayo baadaye, ila siku ndizo ambazo huna.

Kwa hesabu yetu sisi wanawake, eda ya Shemsa imebakiwa na siku kama kumi na nane. Mpaka siku hizo zishe bado ni mkeo, na kwa kuwa uliandika talaka moja, unaweza kumrejea kwa neno lako tu. Zikisha, atakwenda kwao. Nataka ujue kilichomwachisha kabla siku hizo hazijapita, kwa sababu hakikuwa kweli, na mwenye kosa namjua.

Ulipomwoa Shemsa ukamwacha kwangu na kwenda zako Mtwara, mimi nilipata kitu ambacho sikuwa nacho tangu marehemu mume wangu aondoke, nacho ni mikono mingine miwili. Ndipo tulipoanza kukaanga muhogo na kuuza barazani jioni. Gunia likija kutoka Bububu, yeye humenya, mimi hukaanga, na maganda yanajaa ua mzima.

Wakati ule ule nilimwomba Jaku, yule binamu yetu wa Nungwi, aniletee mbuzi wawili majike. Niliwataka kwa ajili ya akika. Nilijiambia kwamba mtoto wenu wa kwanza, awe wa kiume au wa kike, asije kuzaliwa akakuta shangazi yake hana mbuzi wa kumchinjia. Wakaja Asali na Kidoti, na Jaku akaapa kuwa kwake walikuwa wakizaa mapacha bila taabu.

Unajua mbuzi wa akika hatakiwi kuwa na kilema. Mimi nikaongeza sharti langu mwenyewe, kwamba asile jaani. Mbuzi wa mjini hula makaratasi, magunia, hata matambara ya watu, na mimi sikutaka akika ya mtoto wako itoke kwenye matambara. Nikawafunga uani, kila mmoja na kamba yake, maji ya mfereji ndani ya ndoo safi, na maganda mabichi ya muhogo asubuhi na jioni. Hata beberu tuliletewa ndani. Majirani walisema mbuzi wa Bi Mwanakhamis wanawekwa ndani kama wari, nami nikawa nafurahi. Akili nyingi huondoa maarifa.

Uzazi wa kwanza, Asali alileta viwili vimekufa. Havikuwa na manyoya, ngozi tupu, na kila kimoja kina uvimbe kooni kama ndimu. Kidoti akaleta kimoja, naye vile vile. Tukasema ni bahati mbaya. Uzazi wa pili, mwezi wa Mei mwaka huu, ukawa kama wa kwanza, na watu wakaacha kusema bahati mbaya.

Wakaanza kusema jicho. Kabla hajaja Shemsa mbuzi hawa walikuwa wazima. Kaja Shemsa, wanazaa mizoga. Tena yeye mwenyewe mwaka na nusu hajashika mimba. Niliwauliza mimba ataitoa wapi na mumewe yuko Mtwara, wakarudi kwenye habari za mbuzi. Kisha mbuzi wa Ami yetu Usi, pale Mkunazini, naye akazaa kitoto kisicho na manyoya, shingo imevimba. Ami akasema jicho la Shemsa limevuka mitaa. Hapo ndipo alipokuandikia wewe, na wewe, kwa kumheshimu ndugu wa baba, ukaandika ulichoandika.

Mimi sikukuandikia wakati ule. Niliyasikia maneno ya barazani, nikadhani yatapita kama yanavyopita mengine. Hilo ni kosa langu moja, na lipo lingine kubwa zaidi.

Talaka yako ilisomwa ukumbini kwangu siku ya Ashura. Shemsa alikuwa na kisu mkononi, anamenya. Aliumaliza ule muhogo aliokuwa ameushika, akanawa, akaingia chumbani. Tangu siku ile anakaa eda humu humu nyumbani kama sheria inavyotaka, na hajasema neno baya juu yako. Mimi nimeyasema, tena mengi, lakini sitayarudia katika barua.

Wewe unanijua, Hamad. Mimi siwezi kukaa na jambo nisilolielewa. Siku ya tatu nilivaa buibui nikaenda kumtafuta Bwana Matar, anayefanya kazi ya mifugo serikalini. Ni mtu wa Tumbatu, mwembamba, haongei mpaka aulizwe mara mbili. Alikuja, akapiga magoti uani, akampapasa Kidoti kooni. Kisha akanishika kidole akakiweka pale pale. Kulikuwa na donge laini chini ya kikoromeo. Mbuzi nimemlisha kwa mwaka na zaidi na sikuwahi kuligusa.

Akaniuliza wanakula nini. Nikamwambia maganda ya muhogo, tena masafi, siku ile ile yanapomenywa. Akauliza, "Na nini tena?" Nikamwambia basi, hayo tu, hawa hawali uchafu. Akaokota ganda moja, akaligeuzageuza mkononi, ndipo akaanza kunieleza.

Nakueleza alivyonieleza, kadiri nilivyofahamu. Kooni kuna tezi. Kila mnyama anayo, na binadamu pia. Tezi hiyo hutengeneza maji fulani, wasomi huyaita homoni, yanayoingia katika damu na kumwotesha mtoto manyoya angali tumboni, yakampa joto na nguvu ya kusimama. Ili iyatengeneze, inahitaji aidini, ile ile dawa ya rangi ya kahawia inayotuuma tukipakwa kidonda. Aidini imo katika vitu vya baharini, katika samaki, na hasa katika mwani.

Ganda la muhogo, kumbe, lina sumu, tena kuliko muhogo wenyewe. Mbuzi akila kila siku kidogo kidogo hafi. Mwili wake unaivunja ile sumu na kuigeuza kitu kingine kisicho kikali. Lakini kitu hicho hakitoki upesi. Kinazunguka katika damu, na kikifika kwenye tezi kinakaa mlangoni, aidini ikija haina pa kupita. Tezi inajitahidi na kujitahidi mpaka inavimba, na yale maji bado hayatoshi. Mama anavumilia. Aliye tumboni ndiye hawezi.

Nilimwuliza mbona sisi watu tunaula huo muhogo. Akasema sisi twautoa maganda, twaupika, na mara nyingi upo samaki juu yake. Nikamwuliza habari za mbuzi wa Jaku. Akasema mbuzi wa Nungwi wanazurura pwani maji yakitoka, wanatafuna mwani na majani ya kila namna, na ganda la muhogo hulipata kwa bahati. Yaani, Hamad, wale niliowadharau kuwa wanakula ovyo ndio waliokuwa wakila sawasawa.

Hapo nilielewa. Shemsa alikuja, na maganda yakaja, kwa sababu bila mikono yake muhogo usingekuwapo. Watu waliviona viwili hivyo vikiingia mlango mmoja, wakamshika yule mwenye uso. Na yale maganda ya ziada, unajua nani alikuwa akipeleka kijana wake kuyachukua kwa kapu kila baada ya siku mbili? Ami Usi. Jicho halikuvuka mtaa wowote. Lililovuka ni kapu lake.

Bwana Matar hakuniambia kuwa ana hakika. Alisema anadhani, na kwamba kudhani hakumrejeshi mke wa mtu. Nikamwambia basi tutajaribu. Asali na Kidoti walikuwa na mimba tena, ya miezi miwili na nusu au zaidi kidogo. Mbuzi hubeba miezi mitano, eda ni miezi mitatu au karibu yake. Nilihesabu vidole mara tatu. Kama Mungu akijaalia, wangezaa kabla eda haijaisha, lakini kwa siku chache tu.

Nikamwita Ami Usi uani kwangu, mbele ya Bwana Matar. Nikamwambia achague mwenyewe mbuzi wa kuondolewa maganda na wa kuendelea nayo. Akamchagua Asali aondolewe, kwa kuwa ndiye aliyeharibu zaidi, vitoto vinne kwa uzazi mbili. Nadhani alitaka kunitilia ugumu, nami nikashukuru. Kisha nikatoa sharti langu. Wote wawili watalishwa na Shemsa, na Shemsa peke yake, asubuhi na jioni. Kama ni jicho, mwenye jicho ni mmoja na atawatazama wote. Ami alifikiri, akakubali.

Shemsa yumo katika eda, hawezi kuzunguka pwani. Basi aliyekuwa akizoa mwani ni mimi, mwanamke mwenye goti bovu, ndani ya buibui, kila bamvua maji yakitoka mbali, chini ya ukuta wa Forodhani. Vijana walinicheka. Mmoja aliniuliza, "Bi mkubwa, leo unapika mchuzi wa mwani?" Nikamwambia naam, na wewe ukiendelea kusimama hapo ntakutia chumvi. Jaku naye akawa ananiletea kapu la mwani mkavu kwa gari la Nungwi kila wiki. Na majani nayakata mwenyewe Mnazi Mmoja alfajiri, ndiyo maana hata Maulidi sikwenda. Nilikuwa nimechoka, nami sikutaka kuulizwa habari zako.

Lililonitesa si mwani. Lililonitesa ni kumwona Shemsa akimpa Kidoti maganda huku anajua. Wiki ya kwanza alinisihi tuache, wote wawili wapewe majani. Nilikataa. Nilimwambia bila Kidoti hatuna ushahidi, na bila ushahidi atasemwa mpaka kaburini. Aliendelea kumlisha, anampa maganda, kisha anakaa naye na kumkuna shingo pale penye donge. Kuna asubuhi niliwatazama kutoka dirishani nikashindwa kushuka.

Kidoti alizaa Jumatatu iliyopita. Kitoto kimoja, hai, lakini hakina unyoya hata mmoja, na shingo imevimba kama chungwa. Hakikuweza kuinua kichwa kunyonya. Shemsa alikifunga katika kanga yake ile ya harusi, akakilazia kifuani kukitia joto, nacho kikafa kabla ya adhuhuri. Bwana Matar alikipasua akatuonyesha ile tezi, nyekundu, imejaa koo zima. Ami Usi alitazama pia. Kitoto hicho nimekiua mimi kwa makusudi, na ntaulizwa habari yake, lakini vile vingine sita nilikuwa nimeviua kwa mapenzi, na sijui kipi kibaya zaidi.

Siku tatu tukakaa. Nilikuwa silali, nakwambia kweli. Kama Asali naye angeleta mzoga, nisingekuwa na neno la kukuandikia.

Alhamisi baada ya alasiri Asali akazaa. Viwili, mapacha kama Jaku alivyoapa. Vina manyoya ya rangi ya kahawia, shingo nyembamba, na cha kwanza kilisimama kabla mama yake hajamaliza kukilamba. Kikaanguka, kikasimama tena, kikaenda moja kwa moja kwenye chuchu. Nilikaa chini sakafuni nikalia. Shemsa hakulia. Alikwenda kumletea Asali maji.

Nilimpelekea Ami habari, akaja usiku haujaingia. Akapapasa shingo za vile vitoto, kimoja kimoja, mara mbili mbili. Kisha akaniuliza polepole, "Yale maganda nliyokuwa nikichukua hapa, Mwanakhamis?" Nikamwambia, "Naam, Ami. Yale yale." Aliondoka bila kuimaliza kahawa yake. Jana, baada ya sala ya Ijumaa, watu wamemwona Funguni na kanzu yake safi, anamwongoza mbuzi wake kwa kamba ufukweni.

Sasa lile kosa langu kubwa nimekwisha kukuonyesha. Aliyewafunga mbuzi ni mimi. Aliyesema wasile kingine ni mimi, na aliyewasifu kwa usafi wao ni mimi. Shemsa alifanya nilichomwamuru. Kikulacho kimo nguoni mwako, nami nilikaa mwaka mzima naangalia nguo za watu. Kama kuna mtu wa kuandikiwa talaka katika nyumba hii basi ni mimi dada yako, na bahati mbaya mimi huwezi kuniacha.

Shemsa hajui kama nakuandikia leo, ila juzi nilimwuliza angependa nini. Nakupa maneno yake kama alivyoyasema, bila kuyapaka sukari. "Akinirejea kwa sababu ya mbuzi, dada, siku mbuzi akiharibu tena ntaachwa tena. Nnataka anirejee akijua kama alikosa. Kama hawezi, aniache nende zangu kwetu." Nami naona ana haki.

Ningeweza kukupigia simu ya maandishi ya maneno machache, lakini wewe ungeona nimepagawa. Ndiyo maana nimeandika yote haya, na barua itapanda meli ya Jumanne. Jibu lako lisiwe barua, halitawahi. Nenda posta upige simu ya maandishi, na iwe na maneno mawili: Nimekosa, nimemrejea. Neno la kwanza lisikosekane. La pili peke yake sheria italipokea, lakini yeye hatalipokea moyoni, na mke asiyekupokea moyoni atakuwa kama mkaa eda tu humu ndani.

Na kama hutaki, usiandike kitu. Unyamavu wako tutausoma. Siku ya mwisho ikipita ntamsindikiza mwenyewe mpaka mlangoni kwa mama yake, mchana, mtaa mzima ukitazama, na Asali na vitoto vyake viwili watakwenda naye, kwa sababu ni wake. Huko nako ntasimulia habari ya maganda barazani kwa kila atakayekaa kunisikiliza. Jina lake litakuwa safi, ukiwapo au usipokuwapo. Hilo nimeshaliamua.

Kasha la nguo la Shemsa liko ukumbini, limefungwa kamba. Silifungui mpaka nisikie kutoka kwako.

Bi Mashavu, mama yake Shemsa, hajakutumia salamu, nami simlaumu. Jaku na watu wote wa Nungwi wanakusalimu, na wanauliza ile shuka uliyowaahidi. Shangazi yetu Bi Sichana anakusalimu na kukuombea. Mwalim wa chuoni amenuna kwa kuwa sikumwita kuandika, hata hivyo naye ana salamu zake. Nisalimie jirani zako wa huko wanaokupikia.

Mola akulinde juu ya hiyo winchi, akupe riziki ya halali na moyo mwepesi wa kukubali kosa, maana riziki bila hicho ni mzigo.

Ni mimi dada yako, akupendaye hata siku anayokukasirikia,

Mwanakhamis

Tazama nyuma ya karatasi. Ami Usi ameandika mstari kwa mkono wake. Sikumwomba mara mbili.

*Hamad mwanangu, mimi niliyekuandikia umwache ndiye ninayekuandikia umrejee. Mbuzi nimewaona kwa macho yangu na nimewagusa kwa mkono wangu. Nilimsingizia mtoto wa watu. Mimi ami yako, Usi.*